Mwanamume wa Kuwafukuza Tumbili

Tumbili wa Kiamunyi hawaogopi wanawake. Mwanamke anaweza kupiga kelele, kupiga sufuria, hata kupiga magoti akaomba. Watamtazama kidogo, kwa adabu, kisha wataendelea kula. Lakini akitokea mwanamume, hata yule ambaye nyumbani kwake haogopwi na paka, wanaruka ua na kutoweka. Hakuna ajuaye walifundishwa na nani. Inawezekana walikaa juu ya miti karibu na mikutano yetu, wakasikiliza kwa makini, wakaelewa ni nani husikilizwa na ni nani huambiwa asubiri.

Wangeci hakuwa na mwanamume. Alikuwa naye zamani: Mburu, mlinzi wa maghala ya nafaka mjini Nakuru, mtu mpole aliyepanda nyasi mbele na kando ya nyumba yao kwa mikono yake, shina baada ya shina, na kuzikata kila Jumamosi kana kwamba anamnyoa mtoto. Mburu alifariki. Aliacha mke, binti mmoja aitwaye Lynn ambaye sasa anafanya kazi Eldoret, nyumba ya mabati mekundu, nyasi zake, na nyuma ya nyumba shamba dogo linalopanda hadi kwenye ua. Nyuma ya ua ni mteremko wa Menengai wenye miti, na kwenye miti ndiko waliko tumbili. Mburu aliacha pia mdogo wake, Kiarie.

Kiarie alimpenda sana shemeji yake. Tangu wiki ya mazishi hakulala vizuri kwa kumfikiria, hasa kwa kuifikiria ile sehemu ya nyuma ya nyumba. Alikuja mara kwa mara kumjulia hali, na kila mara alisimama akiwa ameipa nyumba mgongo, akiyatazama mahindi kama mtu anayetazama mahali pa kuegesha gari.

"Mama Lynn," alimwambia, "wewe umechoka. Umepikia watoto wa watu miaka yote hiyo. Sasa pumzika. Jerry wangu atajenga vyumba vya wanafunzi hapo nyuma, na wewe utakuwa unaota jua tu hapa kwa nyasi."

"Na nitakula nini, Baba Jerry? Jua?"

"Si tutakuwa tunakuletea!"

Wangeci alikuwa ameletewa vitu na Kiarie hapo awali. Mara nyingi vilikuwa mawaidha.

Ni kweli alikuwa amepika sana. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na mkono wake wa kulia bado ulikuwa mkono wa mtu aliyesonga ugali wa shule nzima kwa mwiko mrefu kama kasia. Alipostaafu, na Mburu akaondoka, nyumba ilinyamaza sana. Shamba lile ndilo lililomlisha. Zaidi ya kumlisha, ndilo lililomwamsha. Kulikuwa na asubuhi ambazo asingeona sababu ya kushusha miguu kitandani kama si maharagwe yaliyohitaji kupaliliwa. Hilo hakumwambia Kiarie. Kiarie hakuwa mtu wa kuambiwa jambo ambalo haliwezi kupangishwa.

Basi mwaka jana tumbili walikula kila kitu. Walianza na mahindi mabichi, yale yanayotoa maziwa ukiyabonyeza, wakaendelea na maboga, wakamaliza kwa matunda yaliyokuwa yanaiva kwenye ua. Hawakula kwa njaa. Walivunja hindi, wakauma mara moja, wakatupa, wakachukua jingine, kama wageni wa harusi waliokuta chakula hakina mlinzi. Kisha wakaenda kulala kwenye nyasi za Mburu, matumbo juu.

Kiarie alihuzunika mpaka akaitisha mkutano wa familia. Mzee Peterson, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda mikutano, alikuwa mwenyekiti.

"Mimi sina neno baya na mke wa ndugu yangu," alisema Kiarie. "Lakini tuambiane ukweli. Shamba lisilo na mwanaume ni hoteli ya tumbili."

Watu walitikisa vichwa kwa uchungu. Ilikubaliwa kwamba Wangeci apewe msimu mmoja tu wa mwisho. Mahindi yakiingia ghalani, habari ya vyumba iishe na isirudiwe. Yakiliwa, Jerry ajenge. Wangeci mwenyewe aliulizwa maoni yake wakati watu walipokuwa wanatafuta kofia zao ili waende. Alisema sawa. Jerry, kwa kuonyesha imani yake kwa mama yake mkubwa, alileta lori la kokoto wiki iliyofuata na kulimwaga kando ya shamba, kusudi lisije likachelewesha mambo.

Wangeci akapanda. Mvua ikaja vizuri. Mahindi yalipomfika magotini, akaanza kujiandaa kwa vita.

Kwanza alisimamisha sanamu ya matambara. Tumbili walikuja, wakaichunguza, na siku ya pili mmoja wao alionekana juu ya mti akiwa na kofia yake. Akaweka redio shambani, ikihubiri tangu asubuhi. Hiyo waliikubali. Walikaa kimya kwenye ua wakisikiliza, na mhubiri alipoanza kutaja sadaka wakaondoka, kama waumini wengine. Akachoma pilipili kavu ili moshi uwafukuze. Moshi uliingia nyumbani ukamfukuza yeye. Akaomba mbwa kwa jirani. Mbwa alikuwa mkali kwelikweli, kwa muda wa asubuhi moja, kisha akagundua kwamba tumbili wana mikono na wanajua kutoa kupe. Alasiri alikutwa amelala kwenye nyasi za Mburu huku wawili wakimhudumia masikio. Mwishowe akaenda kwenye ofisi ya wanyama, ambako kijana mmoja alimweleza kwa upole kwamba tumbili ni mali ya taifa na asiwadhuru.

"Sawa," alisema Wangeci. "Taifa linakuja kuwalisha saa ngapi?"

Kijana alisema hilo ni la idara nyingine.

Jirani wa Wangeci, Nekoye, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani, alikuwa akiyatazama haya yote kutoka upande wake wa ua. Shamba lake halikuguswa. Mume wake alikuwa akitoka nje asubuhi, anakohoa, anajikuna, anarudi ndani kunywa chai, na kazi ya ulinzi inakuwa imekwisha.

"Mama Lynn," alisema Nekoye, "nikuazime mzee? Kukohoa anajua. Lakini umrudishe akiwa ameshiba, sitaki kupika mara mbili."

"Wako baki naye. Wangu alikohoa vizuri kuliko huyo."

Walicheka. Kisha Wangeci akaingia ndani, akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda.

Kabuti la Mburu lilikuwa zito, la rangi ya kijani kibichi iliyopauka, lile alilovaa kazini baridi ya Julai ilipokuwa ikishuka kutoka mlimani. Bado lilinuka vumbi la magunia. Wangeci alilivaa juu ya sketi yake, akatoka. Tumbili waliokuwa shambani wakashtuka, wakaruka juu ya ua. Kisha mkubwa wao, dume lenye mkia uliokatika, akainama, akaiona sketi. Akarudi kula.

"Amekujua!" alipiga kelele Nekoye. "Huyo ni kama mama mkwe wangu! Vaa suruali!"

Akavaa suruali ya Mburu, na gambuti zake za mpira, na kofia yake iliyomwangukia machoni. Bado hawakumwogopa vya kutosha. Kulikuwa na kitu kilichopungua, na Wangeci alichukua siku kadhaa kukitambua. Alitembea kama mpishi, haraka, kutoka chungu hadi chungu. Mburu alitembea polepole, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo tangu gunia lilipomwangukia ghalani, na kila baada ya hatua chache alisimama na kusafisha koo kana kwamba anataka kusema jambo, halafu hasemi. Wangeci alikuwa amesikia hatua hizo zikija mlangoni kila alfajiri ya ndoa yake. Hakuwa amejua kwamba miguu yake mwenyewe ilikuwa imezihifadhi. Alipozitembea shambani, kati ya mistari ya mahindi, ilimbidi asimame kidogo mpaka macho yakauke.

Tumbili hawakusimama. Waliondoka mbio. Na kwa kuwa si vizuri kumtegemea marehemu kwa kila kitu, Wangeci aliokota kokoto la Jerry na kumtumia dume la mkia mfupi salamu ya nyuma. Mkono wa ugali haukukosea. Kuanzia hapo, kila asubuhi na kila jioni jua likishuka, kabuti lilizunguka shamba, na lundo la kokoto likapungua kwa kazi ambayo Jerry hakuikusudia. Mahindi yakampita kiunoni, yakampita kichwani, yakatoa nywele.

Kosa la Wangeci lilikuwa kusahau kwamba tumbili si peke yao wanaotazama juu ya ua.

Watu wanaopita barabara ya chini waliona mwanamume kwa Wangeci. Alionekana mapema asubuhi, akitembea kama mwenye nyumba. Akina mama wa kanisa wakasikitika sana, wakasikitika nyumba hadi nyumba. Mmoja alisema ni mzee wa Njoro mwenye ng'ombe. Mwingine alisema si mzee, ni kijana, anajizeesha kwa kofia. Wa tatu alisema kwamba anachechemea, na mtu akichechemea huwezi kujua ametoroka wapi.

Nekoye alimletea habari hizo huku ameshika mbavu. "Aki waambie ni wewe!"

"Wakiniuliza nitawaambia," alisema Wangeci. "Hakuna aliyeniuliza. Wanaulizana."

Habari zilipomfikia Kiarie, alizipokea kwa huzuni ya mtu aliyepata bahati nasibu. Mwaka mzima alikuwa amelalamika kwamba kwa Wangeci hakuna mwanamume. Sasa alilalamika kwamba yuko. Mjane akishaolewa, alieleza kila aliyetaka kusikia, basi amehama, na kilicho cha marehemu kinarudi nyumbani kwao. Kwa hiyo Wangeci bila mwanamume alistahili kunyang'anywa shamba, na Wangeci akiwa na mwanamume alistahili kunyang'anywa shamba. Tumbili angalau walikuwa na hoja moja tu.

Jumamosi, mahindi yakiwa katika zile siku zake za maziwa ambazo asubuhi moja ya uzembe huweza kumaliza msimu, Kiarie alifika na mzee Peterson. Kiarie alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa. Walikaa kwenye viti vya plastiki juu ya nyasi kando ya nyumba, pale shamba linapoanzia. Mzee Peterson aliangalia mlango wa nyumba kila mara, kwa matumaini.

Huwezi kumhukumu mtu kabla ya chai yake. Hata Kiarie alilijua hilo. Wangeci, aliyekuwa anataka kuvaa kabuti aende kwa zamu ya asubuhi, ilimbidi abaki na leso kiunoni, awashe moto, achemshe maziwa, apange mandazi kwenye sahani. Nekoye alikuja kusaidia kumimina, maana hangekubali kuambiwa haya mambo na mtu mwingine.

"Tuombe kwanza," alisema mzee Peterson, akafunga macho.

Alianza na mvua. Akaombea viongozi, walimu, wanaosafiri, na waliolala hospitalini. Alipofika kwa wagonjwa, Wangeci alisikia sauti anayoijua: hindi likivunjwa kwenye shina. Kisha jingine. Akafungua jicho moja. Dume la mkia mfupi lilikuwa juu ya ua na ukoo wake wote nyuma yake, nao walikuwa wanashuka shambani kwa utulivu wa watu walioalikwa. Wangeci aliinuka nusu.

"...na wote walio na haraka ya mambo ya dunia hii," aliomba mzee Peterson, "Bwana uwatulize."

Wangeci akakaa. Mahindi yaliendelea kuvunjika. Waliombewa wajane.

Amina ilipofika hatimaye, alikuwa amesimama tayari. "Baba Jerry, hao wanamaliza shamba! Wewe ni mwanaume, nifukuzie!"

Kiarie alikunja mikono ya koti, akatembea mpaka mwisho wa nyasi. Tumbili walimwona mwanamume, wakaruka juu ya ua kama walivyozoea, wakasubiri. Kiarie aliangalia udongo uliolowa umande, akaangalia viatu vyake, akabaki alipo.

"Nyinyi! Tokeni hapo! Shii!"

Walisubiri zaidi. Walikuwa wamejua kwa msimu mzima kwamba baada ya mwanamume huja kokoto. Kokoto halikuja. Kiarie, akiwa hataki kukanyaga tope kuliendea lundo, aligeuka, akachukua kilichokuwa karibu na mkono wake, akarusha kwa nguvu zote. Lilikuwa andazi. Dume la mkia mfupi lililidaka hewani, likanusa, likala. Kisha likashuka kutoka kwenye ua na kuja karibu zaidi, likakaa kwa heshima mbele ya Kiarie, likamtazama mkono.

"Ngai, anataka na chai!" alisema Nekoye.

Wengine waliona kwamba huyu mwanamume ni wa aina mpya. Wakarudi katika mahindi wote, na mmoja akapanda kwenye kiti alichokuwa amekalia Kiarie. Mzee Peterson aliinua Biblia yake, akafikiria, akaishusha tena polepole. Mashina yalikuwa yanaanguka sasa, na kila lililoanguka Wangeci alilisikia kifuani.

"Huyo mwanaume wako yuko wapi?" alifoka Kiarie, jasho likimtoka. "Tunajua yuko! Kwani anajificha? Mwite atoke afanye kazi!"

Wangeci alimtazama. "Nimwite?"

"Mwite!"

Akaingia ndani. Nekoye akaziba mdomo kwa kanga.

Mlango wa nyuma ulipofunguka, lilitoka kabuti la kijani lililopauka. Lilikuja polepole kando ya nyumba, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Lilisimama. Likasafisha koo, kana kwamba linataka kusema jambo, halafu halikusema.

Kiarie alivua kofia. Hakuamua kuivua, mkono ulienda wenyewe. "Mburu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayemfuata kaka yake njiani na kumwomba amngoje.

Kokoto la kwanza lilipita karibu na sikio lake na kumpata dume la mkia mfupi katikati ya andazi la pili, la kujinyakulia sahanini. La pili na la tatu yaliingia kwenye mahindi. Ulisikika mlio, kisha majani yakitikisika kuelekea juu, kisha ua, kisha miti ya Menengai, kisha hakuna kitu. Kabuti liliingia kati ya mistari, likainua shina moja lililolala, likalikandamizia udongo kwa gambuti. Likarudi mpaka kwenye nyasi na kuvua kofia, na Wangeci akapangusa uso.

"Huyu ndiye," alisema, akihema. "Mlikuja kumwona. Kuna swali?"

Mzee Peterson alitafuta swali. Alikumbuka kwamba kuna mstari unaokataza mwanamke kuvaa nguo za mwanamume, akaanza kuutaja.

"Na kuna mstari wa kulisha tumbili mandazi, mzee?" aliuliza Nekoye.

Mstari huo hakuukumbuka. Akachukua kikombe chake.

Kiarie alikuwa bado ameshika kofia. Alinyoosha mkono, akagusa ukosi wa kabuti, pale palipokuwa pamelika na shingo ya ndugu yake. "Umekaa nalo wakati wote huu?"

"Ningelipeleka wapi?"

Kwa kitambo alikuwa karibu kuwa mtu mzuri, na Wangeci karibu amhurumie. Kisha akavaa kofia, akakohoa, akawa Kiarie tena. "Sawa. Hakuna mwanaume, hilo nimeona. Lakini makubaliano ni mahindi yaingie ghalani. Bado hayajaingia. Tumbili wako hapo juu, na mvua ya kuharibu inaweza kuja."

"Inaweza," alisema Wangeci. "Maliza chai."

Mahindi yalikauka. Wangeci aliyalinda mpaka maganda yakawa kama karatasi, akavuna na Nekoye, akayaanika juu ya turubai kwenye nyasi za Mburu, akayapukuchua, akayajaza magunia na kuyashona. Hakuyaingiza ghalani. Aliyaacha mbele ya mlango wa ghala, akatuma ujumbe kwamba mwenyekiti na wenye makubaliano waje washuhudie.

Walikuja. Kiarie alizunguka magunia, akayapiga kwa kiganja kama daktari anayetafuta ugonjwa.

"Ni mengi," alikubali. "Lakini yamekauka? Yakiingia na unyevu yataoza, na yakioza ni sawa na hayakuingia."

Wangeci alifungua mdomo wa gunia, akatoa punje moja, akampa. "Uma."

Kila mtu hapa hujua hivyo ndivyo mahindi yanavyopimwa. Punje yenye unyevu hukubali meno kimya. Kiarie aliitia mdomoni, akaitafutia jino zuri, akauma. Ilipasuka kwa mlio uliomfikia mzee Peterson alipokuwa amesimama.

"Yamekauka," alisema mzee Peterson haraka, kwa sababu alikuwa ameona sufuria ya githeri jikoni. "Basi yakiingia tu, habari ya hapo nyuma imekwisha. Nimesema."

"Asante, mzee," alisema Wangeci. Akafungua mlango wa ghala, akasimama kando, akakunja mikono yake juu ya tumbo kwa unyenyekevu wa mwanamke anayejua mahali pake. "Sasa, Baba Jerry, haya magunia ni mazito, na mimi kwangu hakuna mwanaume. Si uniingizie?"

Nekoye alikuwa ameanza kucheka tayari. Kiarie aliangalia magunia, akaangalia mlango wa ghala, akaelewa ni nani ataukamilisha mkataba ule na kwa mgongo wa nani. Mzee Peterson alikuwa anamtazama. Akavua koti la suti, akalikunja, akatafuta mahali pa kuliweka. Kisha akainama na kushika la kwanza.